Piano ya Zamani Ikitolewa Bure, Tazameni Pini Kwanza

 

Safari hii tunazungumza juu ya jambo ambalo huenda mtu akauliza, "Hilo nalo ni maendeleo?" Tunazungumza juu ya piano za zamani, na hasa juu ya vipande vidogo vya chuma vinavyoshika waya zake. Msicheke. Pesa nyingi za vikundi zinaweza kupotelea hapo.

Tangu mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, mameneja, walowezi na wamisionari walikuja na vyombo vyao vya nyumbani, na piano ilikuwa mojawapo. Wenyewe walipoondoka au kuzeeka, vyombo vingine vilibaki. Basi inatokea siku moja mtu anahama, au shule inasafisha stoo, na habari inafika kwenye kwaya: "Njooni mchukue piano, ni bure." Wanakwaya wanashangilia. Kikundi kinachanga, pengine kutoka kwenye bonasi ya majani chai, lori linakodishwa, na vijana wanabeba. Baada ya miezi miwili piano inalia kama mabati yaliyopigwa na upepo. Fundi anaitwa kutoka mbali, anaipatanisha, analipwa, anarudi kwao. Wiki tatu tena, imeharibika vile vile. Watu wanaanza kumlaumu fundi, wengine wanamlaumu mwenye kiti.

Mara nyingi lawama hiyo si ya fundi wala ya mwenye kiti. Pini hazishiki. Na hilo lingeweza kuonekana kabla lori halijakodishwa, kama mtu angejua mahali pa kutazama.

KWANZA, HAKIKISHENI NI PIANO

Katika makanisa yetu mengi kila chombo chenye vibonye vyeupe na vyeusi kinaitwa piano au kinanda. Lakini viko vya namna tatu. Kile cha stima cha siku hizi hakina waya zilizokazwa ndani, kwa hiyo habari hii haikihusu. Kinanda cha upepo, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate hewa, kina vibati vidogo vinavyotetemeka. Hicho nacho hakina pini hizi. Piano yenyewe ni ile ambayo ukibonya, nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufi nzito inapiga waya. Ukifungua kifuniko cha juu utaona waya nyingi sana, na mwisho wa kila waya umezungushwa kwenye kijiti cha chuma. Kijiti hicho ndicho tunachokiita pini.

KANUNI NI ILE ILE YA CHEPKONG

Kabla ya kuingia ndani ya piano, tutazame kitu cha kwetu. Wazee wa Kipsigis wanakijua chombo cha nyuzi kinachoitwa chepkong. Kina bakuli lililofunikwa kwa ngozi, mikono miwili inayotoka kwenye bakuli, na mti mmoja uliolala juu kuunganisha mikono hiyo. Nyuzi zinatoka kwenye bakuli na kupanda mpaka kwenye ule mti. Majirani zetu wana ndugu zake. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi 8, na Wakisii wana obokano, kubwa na yenye sauti nzito, nayo ina nyuzi 8.

Tazameni pale juu kwenye mti. Hakuna pini wala tundu. Uzi umezungushwa juu ya pete ya kitambaa au ya ngozi iliyobana mti. Mpigaji akitaka sauti ipande, anaizungusha ile pete kwa nguvu za vidole, uzi unakazika. Akiiachilia, pete inabaki pale pale. Kwa nini hairudi nyuma? Kwa sababu uzi wenyewe, kwa vile unavuta, unaigandamiza pete kwenye mti. Kitambaa na mti vinasuguana, na huo msuguano unaishikilia.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya kila chombo cha nyuzi duniani. Uzi uliokazwa unataka kulegea. Lazima pawe na kitu cha kuuzuia, na hicho kitu lazima kikubali kugeuzwa na mkono wa mtu lakini kikatae kugeuzwa na uzi. Kikikubali kugeuzwa na uzi, hakuna muziki tena.

Wala chombo hiki si cha kudharau. Mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo za Wakipsigis zilizopigwa kwa chombo hiki. Mashuhuri kati yake ni ule wa "Chemirocha". Jina hilo ni namna watu wa huku walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika mpaka huku. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 nakala za nyimbo hizo zililetwa tena kwa watu wa huku. Kumbe ulimwengu ulikuwa umeusikia mti wetu wenye pete za kitambaa siku nyingi!

PINI YA PIANO INASHIKWA NA NINI?

Sasa twende kwenye piano. Ya kwanza ilitengenezwa na Bartolomeo Cristofori huko Florence, Italia, mnamo mwaka 1700. Waya zake zilikuwa nyembamba, na fremu yake ilikuwa ya mbao. Baadaye watu walitaka sauti kubwa zaidi, wakatia waya nene na kuzikaza zaidi. Mbao peke yake ikashindwa kuvumilia. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston, Marekani, alipata haki ya kutengeneza fremu ya chuma cha kusubu, na polepole piano zote zikawa na chuma.

Piano ya kawaida ina vibonye 88 na waya zaidi ya 200. Sauti nyingi zina waya tatu tatu. Zile nzito za upande wa kushoto zina mbili au moja, nazo zimeviringishwa shaba. Kila waya unavuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 70 hivi au zaidi. Zikijumlishwa zote, mvuto unafika kati ya tani 15 na 20. Hebu fikirini lori lililojaa majani chai likining'inia ndani ya kabati la sebuleni!

Watu wengi wanafikiri kwamba pini zimefungwa kwenye chuma kama bolti. Hapana. Fremu ya chuma inabeba ule mvuto mkubwa, lakini pini inapita kwenye tundu la chuma na kuingia katika ubao mgumu ulio nyuma yake. Tutauita ubao wa pini. Huwa ni mbao ngumu zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likilala kinyume cha jingine ili lisipasuke. Tundu katika ubao linatobolewa jembamba kidogo kuliko pini, kisha pini inapigwa kwa nyundo mpaka ndani. Unene wa pini ni kama milimita 7, na urefu wake ni kama sentimita 6. Ina mistari midogo ya mzunguko kama skrubu, lakini mistari hiyo ni laini mno na haiwezi kubeba mvuto peke yake. Kinachoshika ni mbao inayoibana pini pande zote.

Kwa hiyo uhai wote wa piano uko kwenye matundu mia mbili na zaidi ya mbao. Nje kabati linaweza kung'aa, vibonye viwe vyeupe kama maziwa, lakini kama mbao zimechoka, piano imekufa.

MPINI WA JEMBE NA MVUA YA KERICHO

Mbao zinachokaje? Kila mkulima anajua jibu, ila hajalifikiria hivyo. Wakati wa kiangazi mpini wa jembe unalegea. Mtu anafanya nini? Analiloweka jembe ndani ya maji usiku mzima. Asubuhi mpini umevimba na jembe limekaza, analima vizuri. Lakini likikauka tena, mpini unacheza kuliko mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu mbao ilipovimba haikuwa na nafasi, ikajibana kwenye chuma mpaka nyuzi zake za ndani zikapondeka. Ilipokauka, ikawa nyembamba kuliko ilivyokuwa.

Piano inapata taabu hiyo hiyo, polepole, kwa miaka 50, 80 au 100. Kericho mjini iko karibu mita 2,000 au zaidi juu ya bahari, na mvua inanyesha karibu kila mwezi. Mbao zinakunywa unyevu. Halafu inakuja Januari na Februari, jua kali na upepo mkavu, mbao zinakauka. Upande wa chini wa Bomet, kuelekea Chepalungu, ukavu unazidi. Piano iliyokaa miaka mingi huku juu kwenye chai, ikihamishiwa huko chini kwenye jumba la mabati, inaweza kulegea pini katika kiangazi kimoja. Ile iliyokaa karibu na mahali pa kuotea moto ndiyo mbaya zaidi, maanake ilikaushwa upande mmoja kila jioni.

Watengenezaji wa zamani walilijua jambo hili. Kwa nchi za joto na unyevu walitengeneza piano za pekee. Mahali palipogundishwa kwa gundi waliongeza skrubu, na vipande vya sufi walivifunga kwa vipini vya shaba ili visibanduke. Mkiona skrubu nyingi za shaba ndani ya piano, pengine ni ya namna hiyo. Ni dalili nzuri, lakini haithibitishi kwamba matundu ya pini bado yanashika.

PINI ZA AJABU MNAZOWEZA KUKUTA

Pini nyingi zina kichwa chenye pembe nne, na fundi ana ufunguo unaoingia juu yake. Lakini katika piano za zamani sana zipo pini za namna nyingine. Ni vizuri kuzijua, kwa sababu mtu asiyezijua ndiye anayeziharibu.

Ya kwanza ni pini ya kichwa bapa. Kichwa chake si mraba, kimebanwa kama ncha ya bisibisi nene. Ufunguo wa kawaida hauingii vizuri, unakula kingo zake. Fundi lazima awe na ufunguo wenye mdomo wa kufanana nayo. Akija na koleo au spana, mzuieni.

Ya pili ni pini isiyo na tundu la waya. Pini za siku hizi zina kitundu ambamo ncha ya waya inaingizwa kabla ya kuzungushwa. Za zamani zilifuliwa bila kitundu. Waya ulijizungusha juu ya ncha yake wenyewe na kujibana, kama mtu anavyofunga kamba ya ng'ombe kwenye nguzo bila kupiga fundo. Waya wa namna hii ukifunguliwa ovyo, kuurudisha ni kazi ya mtu aliyezoea. Fundi asiyezoea ataishia kuweka pini mpya, na piano itakuwa na pini za aina mbili.

Ya tatu ni skrubu badala ya pini. Kiwanda cha Mason & Hamlin cha Boston, kilichoanzishwa mwaka 1854 na kujulikana kwanza kwa vinanda vya upepo, kilianza kutengeneza piano katika miaka ya 1880 kwa mpango wa kwake peke yake. Mwisho wa kila waya ulishikwa na kipande cha chuma chenye skrubu, na nati ndogo ikigeuzwa ilikivuta kipande hicho. Ubao wa pini haukuhitajika kushika chochote kwa msuguano. Ilikuwa akili nzuri sana. Waya ulikaa mahali pake muda mrefu. Lakini kutengeneza skrubu zaidi ya 200 kwa piano moja kuligharimu, na mafundi wengi walizoea pini za kawaida. Miaka ya kwanza ya 1900 kiwanda kikaurudia mpango wa pini na mbao.

Ya nne ni pini ndani ya chuma kitupu. Kampuni ya Wegman ya Auburn, katika jimbo la New York, iliondoa ubao wa pini kabisa. Pini ilikaa katika tundu la fremu ya chuma yenyewe. Waya ulipovuta, uliisukuma pini ijibane upande mmoja wa tundu, na hapo ikakamatika. Je, mmeona? Ni kanuni ile ile ya pete ya chepkong: mvuto wa uzi ndio unaoibana pini. Chuma hakivimbi kwa mvua wala hakikauki kwa jua, ndiyo sababu walikipenda.

Sasa mtu atauliza, kama skrubu na chuma vilikuwa vizuri hivyo, kwa nini piano nyingi mpaka leo zina pini kwenye mbao? Jibu ni la kijijini kabisa. Pini katika mbao ni rahisi kutengeneza, na ikilegea inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine nene kidogo, hata karne moja baadaye, na fundi aliye popote. Skrubu ya pekee ikivunjika, kiwanda kilichoitengeneza hakiitengenezi tena. Hata pampu ya maji ya kikundi iko hivyo. Iliyo bora ni ile ambayo vipuri vyake vinapatikana Kericho au Sotik, wala si ile yenye maajabu mengi.

Kwa hiyo mkifungua kifuniko mkakuta pini zisizo za kawaida, msiguse. Pigeni picha kwa simu, ya karibu kabisa, pamoja na jina lililoandikwa kwenye fremu, mmpelekee fundi kabla hajafunga safari. Akisema hajawahi kuona kitu cha namna hiyo, mshukuruni kwa ukweli wake, mtafute mwingine.

UCHUNGUZI WA NUSU SAA

Kabla ya kusema ndiyo, kikundi kitume watu watatu: mmoja mwenye sikio zuri la kwaya, mmoja seremala, na karani wa kuandika. Waende mchana, na tochi. Wafanye hivi:

1. Wafungue kifuniko cha juu na kuondoa ubao wa mbele taratibu. Watazame fremu ya chuma. Ikiwa ina ufa hata mmoja, safari imeishia hapo. Chuma cha kusubu chenye ufa chini ya tani 15 ni hatari, na hakuna fundi wa kuchomelea wa kijijini anayeweza kukirekebisha.

2. Wabonye kila kibonye, kimoja kimoja, kutoka kushoto mpaka kulia, na karani aandike. Ikiwa piano nzima imeshuka sauti kwa usawa, hilo si ajabu. Haijapatanishwa siku nyingi tu. Lakini ikiwa sauti moja imeanguka vibaya na jirani zake wamesimama vizuri, hiyo moja pini yake inateleza. Sauti tano au sita za namna hiyo zinaweza kutengenezwa. Zikiwa hamsini, ubao umechoka.

3. Wasikilize sauti zenye waya tatu. Kama zinapigana, yaani mnasikia "wo-wo-wo" inayotetemeka, waya mmoja umeachana na wenzake. Hesabuni ziko ngapi.

4. Watazame pini zenyewe. Je, zote zina unene na rangi moja? Zikichanganyika, mtu alishaanza kupambana na ulegevu. Je, kuna karatasi au kipande cha msasa kinachochungulia kandokando ya pini? Je, pini zimepigwa ndani mpaka mizunguko ya waya inagusa chuma? Basi hakuna nafasi ya kuzipiga tena.

5. Watazame kama kuna weusi au mafuta kuzunguka pini. Kuna watu hutia mafuta wakidhani wanazuia kutu. Mafuta yakiingia kwenye tundu, mbao inateleza na haitashika vizuri tena.

6. Seremala achunguze nyuma na chini: mchwa, panya, nondo kwenye sufi, na mahali gundi imeachia.

Kama piano imefaulu hayo yote, hapo ndipo mmwite fundi. Yeye atageuza pini chache kwa ufunguo wake na kupima zinavyopinga. Kwa makadirio, pini nzuri mpya, kwa ufunguo wa urefu wa sentimita 30, inadai nguvu ya mkono kama ya kilo 4 hivi ndipo ianze kugeuka. Ikifika karibu kilo 2 bado inatumika. Ikishuka sana chini ya hapo, haitadumu. Mwombeni apandishe sauti kumi zilizo mbaya kuliko zote, alale hapo kijijini, asubuhi azisikilize tena. Zikiwa zimesimama, kuna matumaini. Zikiwa zimeshuka, mmepata jibu lenu kwa gharama ya usiku mmoja.

FUNDI ANAWEZA KUFANYA NINI?

Pini iliyolegea kidogo inaweza kupigwa ndani kidogo, kama bado kuna nafasi. Inaweza kuvikwa karatasi ngumu au msasa mwembamba. Inaweza kubadilishwa na nyingine iliyo nene zaidi kwa sehemu ndogo ya milimita. Siku hizi mafundi wengi hudondosha gundi nyepesi kabisa, ya jamii ya super glue, kandokando ya pini. Inanyweka ndani ya mbao na kuikaza. Njia ya mwisho ni kuweka ubao wa pini mpya. Hiyo inataka waya zote zitolewe, na kwa piano ya kawaida gharama yake mara nyingi inazidi thamani ya piano yenyewe.

Ninyi wenyewe msifanye haya: msitie maji mkikumbuka jembe, msitie mafuta, msitumie spana, na msimruhusu kijana yeyote "ajaribu tu". Waya ukikatika unaruka kwa nguvu na unaweza kupofua jicho. Tena piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 mpaka 300, na uzito mwingi uko nyuma kwenye chuma. Ikianza kuanguka, haizuiliki kwa mkono.

KIKUNDI KIKATE SHAURI

Wahenga walisema rahisi huwa ghali. Piano ya bure ina lori lake, wabebaji wake, fundi wa kuipatanisha angalau mara moja au mbili kwa mwaka, na mahali pakavu pa kuiweka: mbali na dirisha, mbali na moto, na isiegemee ukuta unaovuja. Mweka hazina aandike hesabu hiyo ya miaka mitatu ubaoni, wanachama wote waione, ndipo mpige kura. Pesa hizo ni jasho la watu waliochuma majani chai kwenye baridi ya asubuhi.

Mkikataa, si aibu. Kwaya zetu nyingi zimefunzwa kwa sol-fa, na uma mdogo wa chuma wa kutolea sauti unatosha kuwaanzisha vizuri. Tena, kama kuna mzee katika kijiji chenu anayejua kutengeneza chepkong, mti na ngozi viko hapa hapa. Kuna wakati baadhi ya wamisionari walivitazama vyombo vya kienyeji kwa jicho baya, na ujuzi mwingi ulikwenda kaburini. Vijana watatu wakikaa naye mwezi mmoja na kujifunza namna ya kuzungusha ile pete ya kitambaa, kikundi kitakuwa kimepata chombo ambacho fundi wake anaishi ng'ambo ya mto tu.

Na mkikubali piano, baada ya kuichunguza, ni vyema. Piano yenye ubao mzima inaweza kuwafundisha watoto wa kijiji kwa miaka mingi. Itunzeni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kupokea kitu cha bure ambacho baadaye kilitugharimu? Tulikosa kuuliza nini mwanzoni?

2. Katika vyombo tulivyo navyo, kama pampu, cherehani au mashine ya kusaga, sehemu gani ndogo ikichoka chombo kizima kinakufa? Nani kati yetu anaijua?

3. Ni wazee gani katika kijiji chetu bado wanajua kutengeneza au kupiga chepkong? Nani atakwenda kuwatembelea, na lini?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.